Vidato Vitatu vya Chini: Kumbukumbu ya Kitwana Mbaruku, Mkwezi wa Kaole

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Alhamisi ya tarehe 14 Machi 1957, mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa barazani, si jikoni. Nyumba ni ya Kitwana Mbaruku, mkwezi wa minazi wa Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo. Aliyeitoa ni mkewe, Bi Somoe. Aliitoa kila asubuhi kwa miaka ishirini, mumewe aikalie na kusimama. Hata katika siku nne alizolala na homa aliitoa. Asubuhi ile aliingia ndani kumwita, akamkuta amekwisha fariki.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kitwana Mbaruku. Mwaka aliozaliwa haujulikani, kwa sababu hakuna hati. Linalojulikana ni kwamba Waingereza walipoingia Bagamoyo, mwaka 1916, yeye alikuwa keshaanza kukwea.

Mnazi hukatwa vidato, yaani nafasi za kuweka mguu, toka chini mpaka karibu na makuti. Zamani wakwezi wa Kaole walikuwa na desturi yao. Wakati wa kushuka, vidato vitatu vya chini havikanyagwi. Mkwezi anaruka. Akivikanyaga, wenzake humwita mwari, kama msichana anayechezwa unyago. Kitwana alikuwa akiruka tangu ujana wake.

Agosti 1936, katika shamba la Bi Mwanamkasi, aliruka akaangukia kumbi la nazi. Goti la kushoto likateguka. Alikandwa kwa chumvi ya moto, akapakwa mafuta ya nyonyo. Uvimbe ulipungua, lakini mguu haukuwa na nguvu. Akisimama, goti linajikunja.

Bi Mwanamkasi alikuwa mjane, na shamba lake la minazi mia moja na arobaini ndilo lililomlisha Kitwana na watu wake. Nazi huanguliwa kila miezi mitatu. Alikuja kumjulia hali, akamwambia wazi, "Mara mbili nitaazima mtu, mwanangu. Mara ya tatu, shamba analichukua Rajabu."

Mara ya tatu ilikuwa Mei 1937. Rajabu Abdala alikuwa mkwezi mwenzake, na mwepesi wa kuruka kuliko wote. Basi Kitwana alikuwa na miezi tisa.

Oktoba alikwenda kwa Mzee Bwanausi, aliyekuwa dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya jeshi wakati wa Vita vya Kwanza. Mzee huyo aliwahi kuona askari wenye magoti mabovu wakirudishiwa nguvu kwa mazoezi. Mwana wa Kitwana, Ausi, alikuwepo, na anayakumbuka maneno yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kunja suruali. Unaliona paja hili? Limekuwa ufito. Goti linashikwa na nyama ya paja, na wewe nyama huna. Utakula chumvi mpaka lini?"

"Najikanda nayo, mzee, siili."

"Kwa faida uliyoipata, ungeila tu."

Alimpa mazoezi matatu. La kwanza, kukaa mkekani, kunyoosha mguu na kulikaza paja huku akihesabu mpaka kumi. La pili, kuuinua mguu ukiwa umefungwa kifuko cha mchanga kifundoni. La tatu, kukaa juu ya kiti kifupi na kusimama bila kushika kitu, mara ishirini, asubuhi na jioni.

Nyumbani kwake kiti kifupi kilikuwa kimoja tu, mbuzi ya kukunia nazi. Nayo, wasikilizaji wapendwa, mnajua ni ya nani. Mwanamume wa pwani haikalii. Bi Somoe aliufunga kitambaa ule ulimi wa chuma, usije ukamkata, akaiweka barazani kwa kuwa chumbani hapakuwa na nafasi. Njia ya kwenda shamba inapita hapo.

Siku ya pili Rajabu alipita na wenzake.

"Ala! Kitwana! Nazi umeshakuna?"

"Nimekuna," akajibu. "Lete chungu."

Walicheka mpaka mwisho wa njia. Yeye alikuwa amefika mara ya kumi na nne. Akamaliza ishirini.

Desemba mguu ulikuwa umepata nguvu. Hapo alikosea. Alikwea mnazi mmoja, wakwezi wakimtazama. Akashuka vizuri mpaka kidato cha tatu toka chini. Akaruka. Goti likavimba upya.

"Nilimuuliza kwa nini," anasema Bi Somoe. "Akaniambia, 'Walikuwa wananitazama.'"

Mzee Bwanausi alilishika lile goti, akasema, "Goti nina dawa yake. Kuchekwa na Rajabu sina."

Januari 1937 Kitwana alianza tena, toka zoezi la kwanza. Ilibaki miezi minne. Bi Somoe alihesabu kwa sauti, mumewe asipate kuruka hesabu.

Mei ilifika. Bi Mwanamkasi alikuwa shambani tangu asubuhi, na Rajabu alikuwa pale na panga lake, tayari. Kitwana alikwea mnazi wa kwanza, akaangua, akashuka. Alifika kidato cha tatu toka chini. Akakikanyaga. Akakanyaga cha pili. Akakanyaga cha kwanza, akaweka mguu chini.

"Mwari huyo!" Rajabu akapiga kelele. "Mfunikeni kanga!"

Kitwana akaenda kwenye mnazi wa pili. Siku ile alikwea minazi kumi na minane, akaitwa mwari mara kumi na nane. Mwishoni Bi Mwanamkasi alisema, "Rajabu, nenda nyumbani. Mwari wangu ananitosha."

Mwaka 1941 Rajabu naye aliruka, akateguka goti la kulia. Alikuja barazani mwenyewe.

"Hodi, shemeji. Ile mbuzi ipo?"

"Ipo," Bi Somoe akamjibu. "Kwani siku hizi unakuna nazi?"

Kitwana hakucheka. Alimwonyesha mazoezi matatu, akamhesabia. Baada ya hapo walikuja wengine, wenye magoti mazima, ili yasiharibike.

Leo Kaole ina wakwezi kumi na mmoja. Nimewauliza tisa. Wote hufanya zoezi la mbuzi kabla ya kukwea, na hakuna anayeruka. Tangu 1943 hakuna hata mmoja wao aliyelazwa kwa goti. Sisemi ni mazoezi peke yake, kwani waliacha pia kuruka. Minazi nimeitazama. Vidato vitatu vya chini vimelika kwa nyayo kama vya juu.

Kitwana alikwea mpaka Desemba 1956. Ijumaa yake ya mwisho msikitini alisujudu kama wengine.

Kwa Bi Somoe, kwa Ausi na jamaa wote wa Kaole, tunawapa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe unayetusikiliza, jiulize ni jambo gani unalifanya kwa sababu tu unatazamwa.

Maziko yalikuwa saa kumi alasiri, siku ile ile. Walioshuka kaburini kumpokea ni watatu: Ausi na ami yake, pamoja na Rajabu Abdala. Kazi ilipokwisha, watu walimnyooshea Rajabu mikono wamvute. Akatikisa kichwa. Aliweka mguu wa kulia kwenye kidato kilichochimbwa ubavuni mwa kaburi, akausimamia, akatoka mwenyewe.