Washington wa Kamati ya Maji

Wasikilizaji wapendwa, popote redio ilipo, jikoni au shambani kwenye korosho, isogezeni karibu. Hapa ni Suleimani. Leo tunamkumbuka Mwalimu Bartholomayo Kasiani. Narudia, kwa mliokuwa mnapuliza moto: Mwalimu Bartholomayo Kasiani wa Newala, mwalimu wa historia, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chake. Tulimzika juzi.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja ili msipige simu kulalamika. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani. Kwa hiyo nitamcheka marehemu hapa hapa hewani. Haki hiyo ninayo. Nisipomcheka, familia yake ndiyo itakayoninunia.

Haya. Mwalimu alifundisha sekondari upande wa Lulindi miaka mingi, na mimi alinifundisha. Vita vya Majimaji alivifundisha vizuri, lakini ikifika zamu ya viongozi wa mwanzo wa Marekani, mzee alivua koti. Washington. Adams. Jefferson. Ungedhani wamewahi kula naye mihogo. Kipenzi chake kilikuwa Washington. "Huyu," anasema, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, "aliongoza jeshi, akashinda vita, akawa rais wa kwanza. Vipindi viwili. Watu wakamwambia, baba, endelea. Akasema, hapana. Akarudi shambani kwake. Hakufukuzwa, hakupinduliwa. Kaondoka kwa miguu yake!"

Siku moja Yasmini, tuliyekuwa naye dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, shamba hilo alilima mwenyewe?"

Darasa zima tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Hapana. Lililimwa na watumwa. Na yule Jefferson aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, naye alikuwa na watumwa."

Masasi hii ina koo zilizotokana na watu waliokombolewa utumwani. Neno hilo kwetu halikai kitabuni tu. Yasmini akauliza, "Sasa kwenye mtihani tuandike ni mzuri au ni mbaya?"

"Andika yote mawili," akajibu Mwalimu, "na uyaandike ukurasa mmoja. Ukificha moja, unanidanganya mimi ninayesahihisha."

Basi na mimi leo nitayasema yote mawili.

Alipostaafu alirudi kijijini. Kule juu kwenye uwanda wa Newala maji hayatoki ardhini kwa hiari yake. Yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Pampu ikilala, akina mama wanashuka mteremko na ndoo, na kupanda nazo ndiyo kazi yenyewe. Kijiji kikamchagua Mwalimu awe mwenyekiti wa kamati ya maji, na ufunguo wa nyumba ya pampu ukahamia mfukoni mwake. Kipindi cha kwanza, maji yapo. Cha pili, maji yapo. Akasimama mkutanoni akaapa: "Viwili vinatosha. Mimi ni mtu wa Washington." Akapigiwa makofi.

Wasikilizaji wapendwa, hakuondoka.

Narudia, maana najua wengine mnadhani redio imekwaruza. Mwalimu wetu wa vipindi viwili aliingia cha tatu. Uchaguzi ukasogezwa baada ya mavuno. Mavuno yakapita, ukasogezwa baada ya mvua. Nikimkuta sokoni Newala namwamkia kwa sauti kubwa, watu wasikie: "Shikamoo, Mheshimiwa Washington!"

"Marahaba, mtani usiye na adabu."

"Shambani unarudi lini? Mikorosho inakuulizia!"

Anacheka. Halafu mkono unakwenda mfukoni, unaupapasa ule ufunguo, na kicheko kinaishia hapo.

Mjane wake, Mama Josephina, ameniambia hivi: "Watu walidhani anakipenda kiti. Mwenzangu alikuwa anaogopa. Akisikia kelele upande wa bondeni anaacha chakula, anasimama mlangoni. Anasema, wameanza hao."

Waliokuwa wanaogopwa ni wawili, Hamidu na Sultani. Hamidu ni wa mtaa wa bondeni. Sultani ni wa mtaa wa juu. Hawa waliingia jando moja, wakakua pamoja, wakakaa kamati moja, wakachimba pamoja mtaro wa bomba la kwanza. Likaja suala la bomba jipya lianzie mtaa gani. Wakakosana. Salamu zikakatika. Kiangazi kilichopita bomba la zamani nalo likakutwa limekatwa. Alikata nani? Mpaka leo hajulikani. Wa juu wakawatazama wa bondeni, wa bondeni wakawatazama wa juu, na panga likaanza kubebwa hata na mtu anayekwenda kuchota maji tu. Kiti cha Mwalimu kila upande ukakitaka kwa mtu wake.

Mwalimu akatumia silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani historia. Akaenda kwa Hamidu, akamsimulia Adams na Jefferson. Kwamba walikuwa kamati moja iliyoandaa tangazo la uhuru. Kwamba siasa ikawagombanisha, wakakaa miaka hawasemezani. Kwamba uzeeni wakaanza kuandikiana barua, urafiki ukarudi, na wakafa siku moja, tarehe nne Julai.

Hamidu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, unataka mimi na Sultani tufe siku moja?"

Mwalimu akapanda kwa Sultani, akasimulia yale yale. Sultani akauliza, "Kati yao, nani alitangulia kuandika barua?"

"Adams."

"Basi Adams ni Hamidu. Mwambie nasubiri barua."

Mwaka huu Mwalimu akakata shauri. Akatangaza uchaguzi, safari hii bila kusogeza. Ni Jumamosi hii inayokuja. Lakini kifua kikamwangusha kabla, akapelekwa Ndanda. Binti yake Josephina ndiye aliyekuwa naye wodini. Anasema kila alipomletea uji, baba aliuliza jambo moja: "Wameongea?" Naye anajibu, "Bado, baba."

Siku ya mwisho akamwambia, "Nimechelewa kutoka, mwanangu. Nilidhani nawalinda. Kumbe nimewazoesha kunisubiri."

Akafa. Narudia kwa uchungu: Mwalimu Bartholomayo alifariki akiwa bado mwenyekiti, na ufunguo bado ni wake.

Msibani palikuwa na watu wengi, na watu walikaa kwa mitaa. Wa juu upande huu wa uwanja, wa bondeni upande ule. Katikati unaona udongo mtupu. Nimehudhuria misiba mingi, lakini huo udongo ulinitisha kuliko jeneza. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Wakianza hapa hapa, tunakimbilia wapi?"

Jeneza linatolewa ndani, na sisi watani tukafanya kazi yetu. Shangazi yangu Zuhra akakaa chini katikati ya njia. Amevaa koti la marehemu, miwani ya marehemu, chaki mkononi. Akaigiza ile sauti: "Kaeni! Leo Washington! Aliondoka kwa miguu yake! Mimi je? Mimi naondoka kwa miguu yenu!"

Watu wakacheka huku wanalia. Josephina alicheka mpaka akashikwa mabega. Wachukuzi wakadhani imekwisha, wakataka kupita. Shangazi hakuinuka.

"Jeneza halipiti," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Namtaka Hamidu mbele kulia, namtaka Sultani mbele kushoto. Mimi nina siku nzima. Sina pampu ya kwenda kuwasha."

Kicheko kikafa. Mtani akizuia maiti hasukumwi, hata mchungaji alijua hivyo, akafunga kitabu chake akasubiri. Jua linapanda. Vijana wa juu wakasimama. Vijana wa bondeni wakasimama. Mimi mtangazaji wenu, mwenye maneno ya kuuza, nikaanza kutazama njia ya kukimbilia.

Hamidu akavua kandambili. Akauvuka ule udongo, akashika mbele kulia, macho chini. Sultani hakusogea. Halafu naye akaja, polepole, akatia bega kushoto. Akamtazama mwenzake kutoka juu, maana Sultani ni mrefu na Hamidu, Mungu amjalie, hakurefuka.

"Jiinue kidogo, mbilikimo," akasema. "Mwalimu atamwagika."

Hamidu akajibu, "Wewe ndiye uiname, mnazi wewe. Hata jandoni ulikuwa unatuzibia moto."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka. Jeneza lilikwenda limepinda mpaka makaburini, watu wanapiga kelele, "Inua upande! Inua upande!" Josephina alitembea njia yote nyuma yao. Ameniambia aliinamia kaburi akasema, "Baba, wameongea."

Ningependa niishie hapo. Lakini nimefundishwa kuandika yote mawili. Baada ya kuzika, kila mmoja alirudi mtaani kwake. Wote wawili bado wanagombea kiti cha Mwalimu. Bomba jipya bado halina mtaa. Na Jumamosi haijafika, wasikilizaji wapendwa, na mimi nina wasiwasi. Sioni aibu kusema.

Kwako Mama Josephina, kwako Josephina, kwa ukoo wote, sisi wa redio hii tunawapa pole. Poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Sisi watani tutakuja tena siku ya arobaini, mfiche kuku.

Na kwenu mnaonisikiliza, tufikirie hili. Jana nilimuuliza Mama Josephina ufunguo atampa nani, maana wajumbe wa pande zote mbili wameshakwenda kuuomba kwake. Ameufunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, "Mshindi simpi. Nitampa atakayeshindwa, mbele ya mkutano. Yeye ndiye amkabidhi mwenzake."

Nikamuuliza, "Mama, na akikataa kuutoa?"

Akalikaza fundo la kanga. Akasema, "Ndiyo maana nataka watu wote mje."