Gunia la Malaba

Kulikuwa bado giza Zilpa aliposikia karatasi ikichanwa polepole. Binti yake Sharlyne alikuwa ameharibu tena insha yake ya mafuriko. Kila akiandika, maji yanaingia nyumbani kwao Budalang'i na hadithi inakwama hapo hapo. Na asubuhi hiyo mwalimu wake alitaka kwanza vidokezo vya insha, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwenye tuktuk ya kwenda shule, mbele yao, mwalimu mstaafu Oduori alisikia habari ya insha hiyo na sasa alikuwa akibishana na Nusura, muuza samaki wadogo wa omena.

"Watoto waandike tu," Nusura alisema. "Vidokezo ni kuharibu karatasi."

"Mama, ukipakia lori, unaanza na gunia gani?"

"La Malaba, kule mpakani. Si ndilo linashuka mwisho? Hata utingo anajua."

"Basi unajua mwisho kabla hujaanza."

"Mzee, omena haina mawazo. Mtoto anawaza akiandika."

"Kama wewe unavyowaza ukiongea. Ndiyo maana humalizi."

Nusura alicheka hadi dereva akageuka. Zilpa, yeye mwenyewe mwanafunzi wa masomo ya jioni, hakujua amuunge mkono nani.

Tuktuk ilisimama kwenye geti la shule, wawili hao bado wanavutana. Sharlyne alishuka akiwa amefungua daftari.

"Mama, insha yangu itaisha siku tuliyorudi nyumbani, maji yalipokauka."