Figo ya Chumvi Imekataliwa

Benchi letu liko Kitengela, mbele ya jiko la Mbeke, mama wa kahawa. Kila asubuhi tunakaa watu wanne na maneno ya watu arobaini. Yuko Musila, fundi wa pampu za visima, ambaye tunamwita Injinia. Yuko Wanyama, aliyelinda geti la kliniki miaka saba, kwa hivyo ni Daktari. Yuko Simel, muuza mbuzi, na jina lake la hapa ni Chumvi. Wa nne ni mimi, niliyempa hilo jina. Binti wa Simel, Nailantei, ambaye ni mwalimu, anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki tangu Januari. Mama wa msichana ana sukari, hawezi kutoa figo, basi Simel akasema atatoa yake. Ikabidi apimwe mwili mzima, yeye ambaye hakuwa amemwona daktari miaka sita. Majibu yalitoka jana.

— Wamekataa, Simel alisema hata kabla hajakaa. Niko na presha ya zamani. Figo zangu zenyewe zimeanza kuchoka.

Hakuna aliyegusa kikombe. Kisha Injinia akakohoa, na nikajua tumeanza.

— Hiyo ni maji. Maji ya visima vya huku iko na chumvi mbaya. Mimi nafungua pampu, napata mawe ndani. Sasa figo ni nini mbele ya pampu?

— Wacha maji, Daktari akasema. Hiyo presha ni ya kuona koti nyeupe. Pale getini nilikuwa naona watu wanaingia wazima, wakiona tu koti, mshipa inasimama. Arudi apimwe na mtu amevaa jaketi.

— Ama apimiwe Rombo, kule chini ya mlima, Injinia akasema. Hapa ni malori ya simiti usiku kucha. Presha ya Kitengela si presha ya mtu, ni ya barabara.

— Na hata kama figo imechoka, ikiingia kwa mtu mdogo inapata nguvu tena, Daktari akaongeza. Damu ya kijana inaiamsha.

— Nani alikwambia?

— Nimekaa kliniki miaka saba.

— Getini, Mbeke akasema, akimimina kahawa.

Siku nyingine tungecheka. Simel alikuwa anaangalia viatu vyake, raba mpya nyeupe ambazo hazikumfaa hata kidogo.

— Tangu waanze kunipima nimeacha chumvi, akasema. Nimeacha mafuta. Leo nimetembea mpaka darajani na kurudi. Dawa nakunywa kila siku, hata nikiwa sawa. Daktari wa hospitali anasema hiyo ni vizuri, itanisaidia mimi. Nikamuuliza, na msichana? Akasema kwa msichana nimechelewa.

— Usiseme hivyo, mzee, Injinia akamwambia.

— Nisemeje? Miaka sita iliyopita, ile kambi ya matibabu ya kanisa, si waliniambia? Si walinipa tembe? Wanyama, wewe ndio uliniambia kichwa ikiacha kuuma, dawa imemaliza kazi.

Daktari wetu aliweka kikombe chake chini.

— Sikulaumu, Simel akaendelea. Nilitaka kuambiwa hivyo. Nikarudi kwa supu ya olkiloriti, nikasema gome la mti lililowatosha wazee wetu litanitosha na mimi.

Nami nina langu. Baada ya ile kambi, Simel alikula nyama bila chumvi wiki mbili nzima. Tulimcheka. Tukasema anakula kama mgonjwa wa wadi. Siku moja nilimwaga chumvi rundo zima kwenye ubao wa nyama, mbele yake, nikasema, "Karibu, Mzee Chumvi." Benchi lote lilicheka mpaka machozi. Alichovya nyama yake, akala. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, na ningetoa chochote sasa niirudishe.

Hapo ndipo Nailantei alipotokea upande wa stendi, amejifunga shuka, hatua zake fupi. Aliinamisha kichwa mbele ya kila mmoja wetu kwa salamu, tukamgusa utosini, baba yake akiwa wa mwisho. Mkono wa Simel ulikaa pale muda mrefu. Wanyama alisimama kumpa nafasi akae.

— Papa, wamesema tunaenda lini kupasuliwa? Nataka kuambia shule watafute mwalimu mwingine.

— Hatuendi, mama. Yangu haifai. Presha imeiharibu.

Hakulia. Alimtazama baba yake, akatutazama na sisi.

— Hiyo presha, ulijua lini?

Simel alitutazama. Injinia akainamia kikombe chake, Daktari akageukia barabara. Mimi nilijua mwaka, nilijua hata siku, na sikusema kitu.