Chapa ya Mia Tatu

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mtaani kama mgeni asiyetaka kuaga, na mvuke wa kahawa anayotuuzia Shangazi ukapanda kuuongezea. Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta kati ya duka langu la ushonaji na duka la kinyozi. Hapa hatusameheani: mtu akivaa soksi mbili za rangi tofauti, tunamcheka wiki nzima. Siku hiyo fundi saa wetu, Dakika, alikuwa ametoa nje katoni kumi na mbili za vitabu na kuzipanga kando ya benchi. Kitabu alikitunga mwenyewe, akakichapisha mwenyewe, na kwa miezi minne nakala zilikuwa zimelala katika chumba cha binti yake. Jioni hiyo binti alikuwa anarudi na kichanga, na mke wa Dakika alishasema neno lake: katoni zitoke, kitanda kiingie. Saa nne angepita mwenye mkokoteni wa karatasi chakavu. Dakika alimwita mwenyewe. Sisi wote tulishapewa nakala zenye sahihi, na wote tulishazisifia.

— Karatasi chakavu! akaruka Wembe, kinyozi. Kitabu kitamu vile kikafungie watu njugu? Haiwezekani, bwana.

— Basi niambie nivipeleke wapi, akasema Dakika. Alikuwa na kile kioo chake cha jicho moja, anachokonoa saa ndogo ya mkononi, hata hakuinua kichwa.

— Niachie mimi. Mteja nikishamfunga shuka shingoni, nusu ya kichwa nimenyoa, nusu bado, atakwenda wapi? Namtia kitabu mkononi. Hainuki mpaka afike sura ya tatu.

— Na mwenye upara? akauliza Ramani.

— Mwenye upara tutamsimulia kwa kifupi.

Ramani alikuwa mpima ardhi kabla hajastaafu, na mpaka leo hawezi kuongea bila kuchora. Akachukua kijiti, akaanza kukata mitaa kwenye vumbi.

— Kosa letu tunangoja msomaji aje. Kitabu ndicho kitembee! Kila pembe ya mtaa tunaacha kimoja. Mpita njia anakiokota, anasoma ukurasa mmoja tu kwa sauti, kisha anakisogeza pembe inayofuata. Wewe unakaa dirishani kwako na chai yako, hadithi inapita chini, leo ukurasa wa kwanza, kesho wa pili.

— Nikilala mchana je?

— Utakuwa umemkosa mtu akifa hadithini. Utamuuliza jirani.

Kila mmoja akauona mji huo. Nakiri nami niliuona, na ulikuwa mzuri. Nikatia changu: nitashona makoti mia tatu, kila koti na mfuko wa siri, kitabu ndani. Mtu atakuwa anatafuta leso akiwa kwenye foleni, mkono unakutana na hadithi.

— Na akikutana nayo, ataifungua? akauliza Dakika.

— Ataacha kuifungua? Wembe akapiga paja. Mimi nilikimaliza kwa mkao mmoja! Kahawa ikapoa!

— Mimi nilirudia, akasema Ramani.

Shangazi akamimina kikombe, akatabasamu peke yake.

— Juzi niliota katoni hizo zimefunguka zenyewe, akasema. Vitabu vikatoka polepole, bila haraka, vikaingia nyumba kwa nyumba, vikalala kwenye mito ya watu. Kulipokucha mtaa mzima unaijua hadithi.

— Bila kusoma?

— Bila kusoma hata neno, mwanangu.

Sasa Dakika akainua kichwa. Akamtazama Shangazi kwa muda, na lile jicho moja kubwa ndani ya kioo.

— Hiyo ndoto, Shangazi, mimi naiota nikiwa macho, akasema, akarudi kwenye saa yake.

Hatukumwelewa. Tuliona ni maneno ya mtunzi.

Hapo ndipo ukungu ukatutolea mama mmoja, mgeni kwetu, amebeba saa ya ukutani iliyoviringishwa taulo. Alikuwa ameelekezwa kwa fundi saa anayetunga vitabu. Benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo akakalia katoni, na Dakika akaipokea saa yake.

— Ndivyo vitabu vyake hivi? akatuuliza. Naweza kutazama?

Akafungua katoni, akatoa kimoja. Jalada lenye saa isiyo na mishale sote tulilijua. Yeye akalipita, akafunua ukurasa wa pili, pale penye maandishi madogo.

— Eh, hongera baba! Chapa ya mia tatu!

— Chapa ya nini? akauliza Wembe.

— Si imeandikwa hapa, toleo la mia tatu. Sasa hizo chapa mia mbili tisini na tisa za mwanzo, ziko wapi?

Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua tu. Wembe akafungua mdomo.

— Zile... zilikwisha.

— Zilikwenda ng'ambo, akadakia Ramani, kijiti kikatafuta ng'ambo kwenye vumbi na kisiione.

Dakika akavua kioo chake.

— Karatasi ya oda ilikuwa na mstari umeandikwa "Chapa". Nikadhani wanauliza wachape ngapi, nikajaza mia tatu. Chini yake, "Nakala". Nikasema hawa watu wanapenda kurudia maneno, nikajaza mia tatu tena.

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo. Sisi hatukucheka.

— Kosa nililiona siku ileile nakala zilipoletwa, akaendelea Dakika. Nikasema leo nimekwisha, Wembe atanitangaza mtaa mzima. Nikawagawia vitabu, nikakaa hapa nangoja mnicheke.

Akaipangusa saa ya ukutani kwa kiganja.

— Nimengoja miezi minne.

Shangazi akainamisha buli. Halikutoka hata tone, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso kwa aibu. Nakala yangu ilikuwa chini ya mguu wa cherehani, isitikisike.

Kengele ya mkokoteni ikasikika. Mwenyewe akafika, akaegesha, akatazama katoni.

— Hizi?

Ramani akasimama. Akafuta mitaa yake kwa kiatu, akanyanyua katoni ya kwanza, akaiingiza dukani kwangu bila kuniomba ruhusa, akarudi kuchukua ya pili. Wembe naye akakimbilia dukani kwake. Alirudi na nakala ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Akaichana mbele yetu sote, akafunua ukurasa wa pili, akautazama.

— Mia tatu, akasema. Wewe Dakika! Mtu mzima na ndevu zako, mia tatu?

Akaanza kucheka, nasi tukamfuata, mpaka mwenye mkokoteni naye akacheka bila kujua kisa. Dakika alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua kama yeye naye anacheka.

— Endelea, akasema nyuma ya vidole. Kuna ukurasa wa tatu.