Kengele ya Bibi Inalia Mara Moja Tu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi. Mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, na anayekaa upande huo akianguka asimlaumu mtu. Mimi ni fundi viatu, meza yangu iko pembeni, kwa hiyo nitake nisitake nasikia kila kitu. Yupo Kinyozi mwenyewe. Yupo Birika, muuza kahawa, ambaye hanyamazi hata akimimina. Yupo Waziri, aliyekuwa tarishi ofisini miaka mingi na anaongea kama vile zile barua alikuwa anaziandika yeye, si kuzibeba. Siku hiyo Injinia alikuwa kakaa katikati yetu, kompyuta mapajani, macho mekundu. Injinia ni mjukuu wa Bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye miguu imemwisha nguvu na sauti nayo imekuwa ndogo. Kijana alimwekea kitufe kando ya kitanda, akavuta waya ukutani mpaka hapa kijiweni, kwenye kijikompyuta cha kuokota kisichozidi kipande cha sabuni, ili Bibi akibonyeza sisi tusikie. Shida ni kwamba kengele kila ikiwashwa ililia mara moja, halafu basi. Asubuhi Bibi alitaka maji, akabonyeza mara ya pili, akabonyeza wee, hakuna aliyesikia. Na alasiri hiyo Shangazi alikuwa anafika kumchukua akaishi kwake, mji mwingine, wakati Bibi ameshasema hatoki nyumbani kwake labda abebwe na kitanda chake.

Kinyozi: Mimi nasema waya umechoka.

Injinia: Waya ni mzima. Nimeupima.

Kinyozi: Hata mtu mzima anachoka.

Birika: Kwani si ungemwekea kengele ya kawaida tu, kama za mlangoni?

Injinia: Ya mlangoni haimkumbushi dawa. Hii inahesabu saa za dawa, inawasha taa giza likiingia, na Bibi akiita inaacha vyote inamsikiliza. Mfumo mzima wa kuiendesha nimeuandika mwenyewe, mdogo tu, maana ile mikubwa haienei humu.

Birika: Hiyo mikubwa imeandikwa na watu wangapi?

Injinia: Maelfu.

Birika: Na huu wako?

Injinia: Mimi.

Birika: Haya. Nimeuliza tu.

Nikaweka sindano chini. Nikamwambia kijana atueleze polepole, tena kwa lugha ya watu, shida iko wapi hasa. Mimi mtu akinieleza jambo kwa haraka najua na yeye halijui.

Injinia: Ubongo wa hii mashine unafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kando yake kuna kidude kingine, kazi yake ni kupokea wito. Kitufe kikibonyezwa, kidude kinaukatiza ubongo: acha unachofanya, unaitwa. Mambo yakiwa mengi, kinaamua lipi lipite kwanza. Sasa mimi nimeandika draiva, yaani ile sehemu ya programu inayoongea na hicho kidude. Wito wa kwanza unapita vizuri kabisa. Wa pili haupiti.

Waziri: Basi ni kiburi.

Injinia: Kiburi cha nani, mzee?

Waziri: Cha kidude. Yeyote aliyewekwa kuamua nani apite kwanza, mpe siku moja tu, ya pili hakusalimii.

Kinyozi: Waziri ana hoja. Mimi nashauri ukifute vumbi kwanza, kione umekijali.

Birika: Vumbi wapi. Ni umeme. Umeme wa mara ya kwanza unakuwa mpya, una nguvu. Wa pili ni masazo. Hata kahawa, kikombe cha kwanza si sawa na cha mwisho.

Mimi: Hilo ni kweli, na tunakulipa bei ileile.

Kinyozi: Sikilizeni, mimi nimeipata. Wito wa pili haupotei. Unakwenda kwingine. Kuna nyumba fulani huko mbali, kengele inalia kila asubuhi, watu wanafungua mlango hawaoni mtu. Wameshahama mara mbili.

Birika: Masikini. Na wanamtafuta mganga wakati ni Bibi anataka maji.

Waziri: Mnacheka, lakini mimi niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu. Ofisini kwetu palikuwa na katibu muhtasi, mama mmoja mkali, yuko mlangoni kwa mkubwa. Wageni wanaingia mmoja mmoja. Ukimaliza, unatoka kwa mlango wake, unamwambia mama, nimemaliza, ndipo anamruhusu mwingine. Siku moja kuna bwana aliingia, akamaliza shida zake, akatokea mlango wa nyuma, akaenda zake kula. Mama hana habari. Kwake yule bwana bado yumo ndani. Watu wakakaa kwenye viti mpaka jioni, mkubwa naye ndani anashangaa leo mbona hana mgeni. Kiburi hicho.

Kinyozi: Sasa hapo kiburi kiko wapi?

Waziri: Si angesimama achungulie.

Injinia alikuwa ameacha kuchapa. Mdomo wazi, anamtazama Waziri kama anayemdai.

Injinia: Mzee, rudia. Alitokea wapi?

Waziri: Mlango wa nyuma. Kulikuwa na ngazi ya...

Injinia: Mimi natokea mlango wa nyuma.

Birika: Huyu sasa akapumzike.

Injinia: Draiva yangu, mzee. Inapokea wito, inapiga kengele, inarudi kwenye shughuli zake. Haikiambii kidude kwamba imemaliza. Kidude kinadhani bado tunashughulikia wito wa kwanza, kinazuia mingine yote. Siku tatu natafuta. Ni mstari mmoja. Mstari mmoja tu wa kusema nimemaliza.

Waziri: Ndicho nilichokuwa nawaeleza tangu mwanzo.

Hakuna aliyembishia, tulikuwa na haraka. Kijana akaandika mstari wake, akaupeleka kwenye kijikompyuta, akakizima, akakiwasha. Birika akatumwa kwa Bibi kumwambia abonyeze. Kengele ikalia. Ikalia tena. Ikalia ya tatu, ya nne, na Bibi alipoona inampendeza akaendelea mpaka mteja wa Kinyozi, aliyekuwa na nusu kichwa kimenyolewa, akatoka kuuliza kama kuna moto. Injinia akacheka huku anafuta machozi. Mimi mwenyewe nilifurahi nikamlipia kila mtu kahawa, jambo ambalo siku nyingine ningelifikiria kwanza.

Ndipo Shangazi akatokea, begi kubwa tupu mkononi, la kupakia nguo za mama yake.

Injinia: Shikamoo, Shangazi. Kaa hapa uone. Huna haja ya kumchukua Bibi tena.

Shangazi: Marahaba. Nionyeshe.

Tukamwonyesha wote kwa pamoja. Injinia akaeleza kidude, Waziri akaeleza katibu muhtasi, Kinyozi akaeleza ile nyumba ya mbali. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu, akaweka begi chini.

Shangazi: Nimeelewa, na hongera mwanangu, kweli umeumiza kichwa. Naomba kuuliza kitu kimoja. Mama akibonyeza, nani anaenda?

Injinia: Yeyote. Kengele iko hapa, wote wanasikia.

Shangazi: Ndiyo. Nani?

Injinia: Mimi saa hizi huwa kazini. Lakini Kinyozi yupo.

Kinyozi: Nipo, ila nikiwa na kichwa cha mtu siwezi kukiacha katikati. Birika ndiye hana kazi.

Birika: Mimi nazunguka na birika mtaa mzima. Fundi hapa hatoki.

Mimi: Mikono yangu ina gundi kuanzia asubuhi. Waziri amestaafu.

Waziri: Goti.

Kengele ikalia.

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Shangazi hakusogea, alikuwa anatutazama sisi. Ikalia mara ya pili, ile ya pili tuliyoitafuta siku tatu, safi kabisa, na sisi wote bado tumekaa. Niliona aibu, nasema kweli. Nikanyanyuka na gundi yangu, na wenzangu nao wakanyanyuka wakati uleule, benchi likalalia upande wa tofali likammwaga Birika na kahawa yote iliyobaki. Tukaingia kwa Bibi tukisukumana mlangoni, Kinyozi na wembe mkononi, Waziri mbele yetu sote na goti lake.

Bibi alikuwa ameketi vizuri juu ya mto, kitufe mapajani. Akatuhesabu kwa macho.

Bibi: Sina shida, wanangu. Nilikuwa nawajaribu.

Injinia: Sisi au kengele, Bibi?

Bibi: Kengele nimeshaijaribu.

Tukacheka, na Bibi akacheka kutuzidi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu kizingitini, begi lake bado tupu.

Shangazi: Leo mmekuja watano. Na kesho?

Waziri akainama kulikanda goti lake. Sisi wengine tukaanza kumuuliza Bibi kama anataka maji.