Jicho na Sindano ya Matundu Mawili

Marehemu, ambaye nyumbani na mtaani hakuna aliyemwita jina jingine ila Jicho, alizaliwa tarehe 9 Aprili 2017, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mwoka mikate. Alizaliwa macho wazi. Mkunga alimwambia mama yake, "Huyu kaja kukagua."

Alianza chekechea Januari 2021 na darasa la kwanza Januari 2024. Alipenda kusoma kwa sauti, na asiposikilizwa alirudia tangu mwanzo, kwa hiyo alisikilizwa.

Kazi alikuwa nayo. Tangu miaka mitano, akitoka shule alipitia dukani kwa baba yake, akaketi dirishani kumtungia bibi uzi kwenye sindano. Bibi ndiye aliyeshona vifungo, na macho yake yalikwisha kuchoka. Ndipo mtoto alipopata jina lake.

Ndoa hakuifikia, ila gauni alikwisha kuliagiza kwa baba: jeupe, lenye mifuko miwili, kwani bibi harusi naye, alisema, ana vitu vyake.

Agosti 2024 alimwambia baba yake, "Baba, sindano hii ina matundu mawili."

Baba alicheka. "Basi tia nyuzi mbili, tumalize mapema."

Neno hilo likawa kichekesho cha duka. Kila mteja alisimuliwa, na mtoto mwenyewe akaambiwa alirudie. Alipoanza kuinamisha kichwa upande, baba alisema anaiga mafundi. Alipotapika asubuhi, ikasemwa anakwepa shule. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Tarehe 14 Novemba daktari aliwaonyesha wazazi picha: saratani kwenye shina la ubongo, mahali ambapo kisu hakifiki. Akasema hata wangewahi, mwisho ungekuwa huohuo. Baba alisikia, wala hakufarijika. Ameomba hili lisemwe hapa mbele yenu nyote: mtoto alisema kweli siku ya kwanza, naye alimcheka miezi mitatu.

Alipigwa mionzi wiki sita, akapata nafuu ya kurudi dirishani kwa siku chache. Mwezi Mei hakuweza tena kuketi. Baba alipiga magoti kando ya kitanda chake.

"Mwanangu, nilikucheka. Nisamehe."

Jicho alifikiri kidogo. "Hata mimi nilicheka, baba. Lakini yalikuwa mawili kweli."

"Yalikuwa mawili, mama."

"Haya."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka minane, mwezi mmoja na siku ishirini na tano.

Ameacha baba, mama, mdogo wake wa kike wa miaka mitatu anayeuliza ataamka saa ngapi, shangazi anayesoma maneno haya, na bibi, ambaye kwenye kitambaa chake cha sindano bado ipo moja yenye uzi mwekundu uliotungwa na Jicho. Bibi hataki iguswe.

Gauni amelivaa leo, mifuko yote miwili. Jana baba alikishona kifungo cha mwisho kwa mkono. Uzi ulimkataa mara nne, maana kila alipoinua sindano, kwa machozi, aliona matundu mawili.

Apumzike kwa amani, kichwa chake na macho yake.