Siku Mbili za Kuhesabu Watu

Kijiwe chetu kiko pale njia ya miguu inapokata kona, kati ya duka la dawa na ukuta wa ofisi ya maji. Kina benchi moja la mbao, linakalisha wanne wakipatana na watatu wakinuniana. Pembeni ya benchi anakaa Soli, fundi viatu, na kisanduku chake cha nyundo na nyuzi. Ana miaka kumi na minane pale, na ndiye peke yake mwenye kazi kati yetu, ukimtoa Shangazi anayetuuzia kahawa. Futikamba aliwahi kuwashikia wapima ardhi kamba kwa wiki mbili, na tangu hapo hakuna la mji asilolijua. Jaji alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama. Mimi wananiita Faili, kwa sababu nimewachapia watu wa mipango miji ripoti zao miaka ishirini na sita, kisha nikastaafu na huu mgongo. Jana Soli alipata barua ya manispaa. Mwisho wa mwezi aondoke na kisanduku chake, na benchi ling'olewe. Leo mchana hakuna aliyekuwa na nguvu za kupiga kelele. Tulibishana tu kwa mazoea.

Jaji: Isome tena hiyo barua.

Soli: Nimeisoma mara nne. Unadhani mara ya tano itabadilika?

Jaji: Mahakamani ilikuwa inasomwa mpaka mtu aielewe.

Soli: Nimeielewa, ndugu yangu. Naondoka.

Shangazi: Kunywa kahawa kwanza. Hujala tangu asubuhi.

Soli: Sina hamu, Shangazi.

Futikamba: Kosa ni la kile kidude chao cha kubofya. Kibovu.

Mimi: Futikamba, leo nakuomba unyamaze.

Ngoja nieleze, maana aibu yetu haielezeki nusunusu. Miezi miwili iliyopita walikuja wahesabu watu wawili wa manispaa, wamevaa vizibao vya njano, wakakaa ng'ambo ya barabara siku mbili kutwa nzima. Mtu akipita, wanabofya kidude, kinalia tik. Futikamba akatuhakikishia kwamba kona yenye watu wengi haiguswi, eti alisikia kwa wapima ardhi. Basi tukaamka tukatembea. Tunapita mbele ya benchi, tunazunguka nyuma ya duka la dawa, tunatokea upande wa pili, tunapita tena. Jaji alipita mara sitini na moja kwa siku moja, kila mara na kofia nyingine. Shangazi alifunika birika lake akazunguka na mitandio mitatu ya kubadilisha. Mimi na magoti yangu nilipita mara kumi na tisa. Hata Soli alitembea.

Na sasa barua inasema njia hii nyembamba imeonekana kupitisha watu wengi kuliko uwezo wake, kwa hiyo vizuizi viondolewe. Vizuizi vimetajwa viwili, benchi na kisanduku cha fundi.

Futikamba: Mimi nilisema watu wawe wengi. Sikusema wawe wengi kiasi hicho. Jaji alizidisha.

Jaji: Nilizidisha? Wewe ndiye uliyekuwa unanipungia mkono nikaze mwendo.

Futikamba: Kila kitu na kiasi.

Jaji: Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimekwenda, nimerejea. Kosa langu nini?

Shangazi: Hiyo methali si ya kuzunguka duka la dawa, Jaji.

Jaji: Ni ya kwenda na kurudi. Nilikwenda na kurudi.

Futikamba: Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ndiyo maana wale walikuja na kamba za kupimia njia.

Mimi nilifumba macho. Nimechapa maneno ya wataalamu miaka yote hiyo, na naapa wengine hawakumzidi Futikamba kwa mbali.

Shangazi: Mimi nawaza hivi. Wanatuondolea benchi ili tusimame. Ukisimama unachoka, ukichoka unatembea, ukitembea viatu vinaisha. Fundi hayupo. Unafanyaje?

Jaji: Unanunua vipya.

Shangazi: Umeona sasa?

Jaji: Nani anauza vipya?

Shangazi: Ndiyo ujiulize.

Futikamba: Shangazi, umegusa penyewe. Kwa nini ofisi zote za serikali zina ngazi? Kwa nini dirisha la kulipia liko ghorofa ya tatu na la kuchukua risiti liko chini? Mji mzima umechorwa na wauza viatu.

Jaji: Hata mahakama. Kesi inaahirishwa mara kumi. Ile ni soli inayoliwa pale.

Futikamba: Ndiyo hivyo. Na vile vidude havihesabu watu, vinahesabu nyayo. Mwisho wa siku vinajua mji mzima umevaa namba ngapi.

Shangazi: Mungu atusaidie.

Soli: Jamani.

Alisema taratibu, kiatu kikiwa gotini.

Soli: Mimi nina wateja wanaonijua hapa. Ukinihamisha mtaa wa pili tu, hawatanifuata. Nina miaka hamsini na saba. Nikaanze upya wapi?

Jaji akasogeza kikombe chake, Futikamba akakohoa. Niliona haya. Tulikuwa tunacheza na maneno na mwenzetu anapoteza mkate wake.

Hapo ndipo alipofika binti wa dada yake Soli. Anasomea mipango miji chuoni, mwaka wa pili, na Soli alikuwa amempigia simu jana ileile. Alikuja na begi la mgongoni na karatasi kibao, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

Binti: Shikamooni.

Sisi: Marahaba, mwanangu.

Binti: Mjomba, nimeipata ripoti yenyewe. Barua yako ni muhtasari tu. Na pingamizi linapokelewa mpaka kesho saa tisa.

Soli: Kwa hiyo nafasi ipo?

Binti: Ipo. Tena nzuri. Muhula huu tunasoma mbinu za utafiti na tathmini, na mwalimu kila siku anatuambia jambo moja: ukihesabu wanaopita peke yao, umeupima mfereji, hujaupima mtaa. Lazima uhesabu na wanaokaa. Nani amesimama, nani ameketi, anafanya nini, kwa muda gani.

Futikamba: Ndicho nilichokuwa nasema.

Mimi: Hukusema hata chembe.

Binti: Kwa hiyo nikadhani walisahau kuhesabu wanaokaa. Nilitaka tuwabane hapo hapo.

Jaji: Wabane, binti. Mahakamani hiyo inaitwa hoja.

Binti: Shida ni kwamba hawakusahau. Tazameni jedwali hili. Kila baada ya robo saa waliandika. Asubuhi mpaka jioni, siku zote mbili.

Alilitandaza magotini, kidole chake kikashuka safu moja kwa moja. Nimechapa majedwali kama lile kwa mamia. Nililisoma kabla hajafika chini.

Binti: Walioketi benchi, sifuri. Wateja wa fundi, sifuri. Fundi mwenyewe, hayupo. Muuza kahawa, hayupo. Sifuri, sifuri, sifuri. Ndiyo maana wameandika kwamba benchi halina watumiaji na kisanduku kimetelekezwa.

Shangazi: Kimetelekezwa?

Binti: Ndivyo walivyoandika, Shangazi. Kwa hiyo nataka nikanushe. Mjomba yuko hapa kila siku ya Mungu, najua. Nimekua nikimkuta hapa. Nanyi mko hapa. Nahitaji maelezo ya mashahidi tu, na sahihi zenu nne. Rahisi kabisa.

Alitoa kalamu, akaandika tarehe zile mbili juu ya karatasi safi, akapiga mstari chini yake. Kisha akainua uso. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayejaza fomu.

Binti: Siku hizo mbili mlikuwa wapi?

Nilimtazama Futikamba. Futikamba akatazama ng'ambo ya barabara. Tukisema tulikuwa tumeketi, jedwali linatukanusha. Tukisema tulikuwa tunazunguka duka la dawa kwa kofia na mitandio, tumekiri kwamba tuliiharibu hesabu kwa mikono yetu, na nani atapokea sahihi zetu baada ya hapo. Jaji alifungua mdomo. Nikangoja methali. Akaufunga.

Binti: Mjomba?

Soli aliinamia kiatu kilichokuwa gotini. Angeweza kututaja mmoja mmoja na asingekosea. Yeye siku ile hakutaka kuinuka. Alisema ana viatu vya mwalimu vinavyotakiwa saa kumi, alisema wateja wakija wasimkute watakwenda kwingine. Mimi ndiye niliyemwambia aache ubishi, watu wengi ndio usalama wake. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwinua, na kisanduku chake nikakifunika kwa turubai kwa mikono yangu hii.

Binti: Basi hata mmoja wenu anikumbushe. Mlikuwa wapi?